Kiungo Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza na Kufundisha Sanamu za Vifaa Mchanganyiko

Sanamu ya vifaa mchanganyiko hukutanisha vitu visivyozoeana: gogo la mfenesi na mnyororo wa pikipiki, lubugo (nguo ya gome la mti) na waya, simenti na nyuzi za mgomba. Kampala zinatengenezwa nyingi, na nyingi huharibikia mahali pamoja, pale kitu kimoja kinapogusana na kingine. Gundi imebanduka, waya umelegea, au kipande cha lubugo kimebandikwa juu ya bati kama stempu kwenye bahasha, hakina kazi pale zaidi ya kuifanya sanamu ionekane ya Kiafrika. Msimamo wangu ni kwamba kiungo ndicho kinachobeba kazi nzima. Anayejua kuunganisha atapata umbo. Anayekimbilia umbo ataishia kununua gundi. Ndivyo ninavyotengeneza, ndivyo ninavyofundisha, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Ni wa anayeanza, wa mwalimu wa sanaa wa sekondari ambaye tangu mtaala mpya wa Uganda wa 2020 anatakiwa kusimamia kazi za mradi, na wa anayeongoza kikundi cha vijana mtaani.

Tazama viungo vya wengine

Kabla hujanunua chochote, tembea. Mnara wa Uhuru ulio katikati ya Kampala, karibu na bustani za Sheraton, ni kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962. Maloba alikuwa Mkenya aliyesoma kisha akafundisha Makerere. Wapita njia humtazama mtoto aliyeinuliwa juu. Wewe tazama vitambaa vilivyouzinga mwili wa anayemwinua, uone vinavyoupeleka uzito wote chini. Kisha omba ruhusa uingie maktaba kuu ya Makerere, ilipo sanamu ya mbao ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita: mwili uliokatwa viungo na bado umesimama. Zunguka nyuma yake. Jiulize mguu mmoja umewezaje kubeba vyote hivyo.

Wengine utawatazama kwenye simu. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha vizibo na mabati ya chupa kwa waya mwembamba wa shaba. Kwa kuwa kila kiungo kimeachwa kilegee kidogo, kazi ile ile hutundikwa kwa mikunjo tofauti kila ukumbi. Hapa kwetu, Acaye Kerunen hutumia nyuzi za migomba, milala na ukili, akishirikiana na wanawake wasusi. Mwaka 2022, Uganda ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya Venice, kazi zake na za Collin Sekajugo zililipatia banda hilo tuzo ya kutajwa kwa heshima. Kusuka ni kuunganisha. Bibi anayesuka mkeka kijijini kwenu ana somo la kwanza la sanamu lililo bora kuliko langu, na ningekushauri uanzie kwake.

Kukusanya

Vyuma viko Kisenyi na Katwe, mitaa ya Kampala. Nenda asubuhi, kabla wanunuzi wa jumla hawajapakia. Kiganda kitakusaidia zaidi kwenye bei, lakini Kiswahili hakikosi wa kukijibu: Wasomali wa Kisenyi, Wakongo, waliokulia kambi za jeshi, watu wa Busia na Malaba kwenye mpaka wa Kenya. Skrepa huuzwa kwa kilo, kwa hiyo tafuta vitu vyepesi vyenye umbo: spoku za baiskeli, sproketi, springi ndogo, vipande vya bati. Minyororo mibovu na tyubu zilizochoka usizinunue kabla hujapita kwa mafundi wa bodaboda. Mara nyingi utazipata kwa bei ya soda.

Kuna vitu vya kuacha hata ukipewa bure. Vyuma vya nguzo za umeme, mifuniko ya mitaro na vibao vya barabarani vina kesi ndani yake. Muuzaji atakwambia vimetoka kwenye gari la ajali, usimwamini. Betri zina asidi na madini ya risasi. Viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, kwa hiyo visisuguliwe wala kukatwa. Makopo ya rangi ya kupuliza hulipuka yakitobolewa yakiwa na gesi. Na nyaya za umeme zisichomwe moto ili kupata shaba. Zichune kwa kisu, moshi wa ile plastiki ni sumu.

Ukifika nyumbani, usipange kwa aina (mbao huku, vyuma kule). Panga kwa tabia, katika maboksi manne: vinavyobeba, vinavyopinda, vinavyofunga, vinavyofunika. Tyubu ya pikipiki itaingia kwenye boksi la vinavyofunga, na pia vinavyofunika. Ukishindwa kuamua, umeshaanza kufikiri kama mtengeneza sanamu.

Kuhusu lubugo

Lubugo hutoka kwenye gome la mti wa mutuba. Gome huvunwa msimu wa mvua, linapobanduka kwa urahisi, kisha shina hufungwa majani ya migomba ili liponye na kuotesha gome jingine. Mafundi, ambao kwa jadi ni wa ukoo wa Ngonge, hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, wakitoka mifereji mipana kwenda myembamba, hadi linatanuka kuwa nguo. Jua ndilo linalolipa ile rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Mambo matatu ya kujua kabla hujashika mkasi. La kwanza, lubugo ina mwelekeo. Ivute kwa vidole kwenye kona: upande mmoja hukubali, upande mwingine huanza kuachia. Ukiikata bila kujua hilo, itachanika pale pale unapotaka ibebe. La pili, chuma kitupu kikigusana na lubugo yenye unyevu huacha madoa meusi yasiyotoka. Ukiyataka, sawa. Usipoyataka, paka chuma vanishi na ukiache kikauke kabisa kwanza. La tatu ni heshima. Kwa familia nyingi za Buganda hii ndiyo nguo ya kuzikia, na ni nguo ya kasri pia. Wapo wanafunzi wasiopenda kuishika, na hawana haja ya kujieleza. Wape gunia la katani na kazi iendelee. Tena usikate nguo nzima mpya kwa mazoezi. Wauzaji wa kazi za mikono huwa na vipande na nguo zenye viraka, na kiraka kilichoshonwa na fundi mwenyewe ni darasa la kiungo.

Viungo vya kujifunza kabla ya umbo

Tenga gundi mbali. Chukua vipande vidogo vya urefu wa shubiri na ufanye kila kiungo mpaka kishike.

Kufunga kwa tyubu. Kata tyubu iwe ukanda wa upana wa kidole, ndefu. Vuta kwa nguvu kila mzunguko, ukipishana nusu ya upana, na umalizie kwa kupitisha ncha chini ya mizunguko miwili ya mwisho. Mpira ukijirudi unabana zaidi. Kiungo hiki hushika nondo kwa mti vizuri kuliko waya, na hakihitaji umeme wala moto. Kikwazo ni jua: mpira hukauka na kupasuka ukianikwa nje kwa muda mrefu.

Kushona. Tumia sindano ya magunia na kamba ya katani iliyopakwa nta. Hufaa lubugo, bati lililotobolewa, plastiki ya jerikeni, ngozi. Matundu ya bati yatoboe kwa msumari ukiwa umeweka ubao chini, kisha piga tupa upande wa pili, la sivyo bati litakata kamba.

Pini na riveti. Msumari uliokatwa na kupondwa kichwa pande zote mbili hutosha.

Kuchomeka mbao kwenye chuma panastahili subira. Mbao hupumua: hutanuka msimu wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu. Chuma hakifanyi hivyo. Ukipigilia nondo kwenye tundu lililobana kabisa, mbao itapasuka yenyewe miezi baadaye, ukiwa umeshaiuza. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko nondo, ingiza nondo, kisha kaza kwa kabari ya mbao laini au kipande cha tyubu. Hiyo nafasi ndogo ndiyo inayoiokoa sanamu. Epuka pia gogo bichi lenye moyo wa mti katikati, maana likikauka hupasuka. Mfenesi uliokauka vizuri huchongeka kwa raha na rangi yake ya njano hukolea kuwa kahawia. Musizi ni mwepesi zaidi kwa patasi ya anayeanza. Mvule waachie mafundi wa milango.

Kuchomelea nimekuweka mwisho kwa makusudi. Ukiwa na mashine, kila tatizo litaonekana ni la kuchomelea. Mpe fundi wa Katwe akufanyie zile sehemu chache zinazohitaji, usimame pembeni uangalie. Bati au bomba lililopakwa zinki lisichomelewe kabla zinki haijaondolewa pale pa kuunganisha. Moshi wake huleta homa na mtetemeko saa chache baadaye. Utaambiwa unywe maziwa. Kunywa kama unayapenda, lakini hayazuii chochote. Kinachozuia ni kuondoa zinki na kufanya kazi penye hewa.

Sanamu ya kwanza: mwili unaobeba

Usianze na korongo taji. Najua ni ndege wa taifa na watalii humnunua, lakini kila mtu ameshamfanya na mikono yako itakumbuka ya wengine. Fanya mwili unaobeba mzigo, urefu wa sentimita 70 hivi. Kubeba kunalazimisha uzito, na uzito unalazimisha viungo.

Simama wewe mwenyewe na jerikeni lililojaa maji mkononi, halafu begani. Mwambie mtu akupige picha ya ubavuni. Utaona kiuno kimekimbilia upande mwingine na bega limeshuka. Pinda waya wa kufungia upate mchoro wa shubiri moja wenye mkao huo. Fanya kadhaa, chagua ule unaoonekana kuchoka.

Kwa miguu, pinda nondo moja ya milimita 6 kama herufi U iliyogeuzwa, ncha za chini zikiwa na kulabu. Simamisha kulabu ndani ya beseni kuukuu lililopakwa mafuta, mimina simenti na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3. Funika kwa gunia bichi na ulilowanishe kwa wiki nzima. Simenti inayokauka haraka hupasuka. Kabla haijashika, hakikisha ukidondosha uzi wenye kokoto kutoka pale mzigo utakapokaa, kokoto inaangukia ndani ya kitako, si nje. Ikianguka nje, sogeza miguu sasa. Baadaye hakuna dawa.

Kiwiliwili kiwe kipande cha mbao kilichochongwa kwa makadirio tu, kikichomekwa kwenye nondo kwa kabari. Mikono iwe waya au mnyororo. Mnyororo wa pikipiki una tabia nzuri: hupinda mbele na nyuma lakini hukataa kwenda pembeni, karibu kama kiwiko.

Pale unapotaka wingi wa mwili, funga wavu wa kuku juu ya mbao na ubandike gazeti lililochanwa kwa mkono. Uji wa kubandikia: kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwa vikombe vitano vya maji, koroga unga kwenye maji baridi kwanza, kisha pika mpaka uwe mwangavu. Ongeza gundi nyeupe ya mbao kidogo ukishapoa. Bandika matabaka mawili, acha yakauke, ongeza mengine. Usiku wa mvua za Aprili huenda ukuvu ukakutembelea. Weka kazi juu, penye upepo, si chini ya kitanda.

Lubugo ije baada ya hapo. Ilowanishe kidogo, ivute ifuate mwelekeo wa uzito, na uishone kwenye wavu. Usiipake vanishi. Ikipakwa inakuwa nyeusi na ngumu, na mtu ataigusa akidhani ni plastiki.

Mzigo wenyewe uchague mwisho, kutoka kwenye boksi, na uutundike kwa kiungo kinachocheza. Ukiujua mzigo tangu siku ya kwanza, sanamu nzima itakuwa stendi ya kuuonyesha. Kisha tikisa kazi kwa mikono miwili. Kinacholia, kikaze au kiache kilie kwa hiari yako. Chuma kisichopakwa rangi kisugue kwa brashi ya waya na ukipake mafuta ya kitani au nta ya nyuki.

Kupeleka haya darasani

Shule ya sanaa ya Makerere ilianzia barazani kwa mwalimu Mwingereza Margaret Trowell miaka ya 1930, kwa hiyo kukosa karakana si kisingizio. Kivuli cha mwembe, meza mbili na boksi la msaada wa kwanza vinatosha wanafunzi 12 hadi 15. Zaidi ya hapo hutaweza kutazama mikono yao. Grainda isishikwe na mtoto. Miwani ni lazima penye kukata waya, maana ncha huruka. Glavu ni nzuri kwa bati, lakini zivuliwe mbele ya drili, kwa sababu drili huzivuta pamoja na kidole.

Siku ya kwanza usitoe mada. Ukisema "amani" utapata njiwa. Ukisema "mazingira" utapata mti unaolia. Wafadhili hupenda mada, basi wewe waahidi mada, ila uitoe wiki ya tatu, mikono ikishakuwa na la kusema. Mpe kila mmoja vitu vitatu: kimoja kigumu, kimoja laini, kimoja kirefu. Waambie waviunganishe bila gundi, dakika 40. Mwisho kila mtu anaidondosha kazi yake mezani kutoka kimo cha kifua. Vicheko vitakuwepo. Anayesema "mimi sijui kuchora" hugundua kwamba hakuna aliyemuuliza kuchora, na mara nyingi ndiye kazi yake inabaki nzima, kwa kuwa nyumbani hutengeneza baiskeli.

Siku ya pili, mifuko. Weka kitu ndani ya mfuko, mwanafunzi aingize mkono bila kuangalia, kisha apinde waya kufuata alichokihisi. Atajaribu kukitambua na kukitaja, mkataze kukitaja. Jina likipatikana, mkono huacha kutafuta na kuanza kukumbuka picha.

Kuanzia hapo fanya kazi kwa vizuizi. Aliyezoea waya mnyang'anye waya kwa kipindi kimoja. Aliyejaza rangi, apewe kitu kimoja tu cha rangi. Mtoto akiambiwa "tengeneza chochote unachotaka" hukaa akitazama dari, lakini akiambiwa "kisimame kwa miguu miwili na kisitumie msumari", mikono inaanza kabla ya kichwa. Sipendi sana lile zoezi la kupokezana kazi ili mwenzako aendeleze. Kwa vijana waliokulia kwenye mitihani huzaa manung'uniko, na ukilifanya lifanye wakishaaminiana.

Kazi yako kubwa ni kutorekebisha kwa mkono wako. Binti mmoja alitaka kuning'iniza mnyororo kwenye lubugo. Akatoboa, akapitisha, ikachanika. Akatoboa pembeni, ikachanika tena. "Mwalimu, hii nguo ni mbovu." Nikamuuliza inachanika kuelekea wapi. Akaivuta kwa vidole, polepole, akaigeuza, akaivuta tena. Kisha akakunja pindo mara mbili, akakata duara la tyubu akaliweka katikati ya mikunjo, akashona kuzunguka tundu kwa katani, mshono wa karibu karibu. Mnyororo ulipopita safari hii, nguo ilijikunja kwa uzito na kutengeneza kifua ambacho hakuwa amekipanga. Kama ningemwonyesha jinsi ya kuweka kiraka, angekuwa na kiraka tu.

Wakati wa kujadili kazi, futa "nzuri" na "mbaya". Maswali yawe matatu. Kimeshika? Jicho linaingilia wapi? Ungeondoa nini? Swali la tatu liulizwe mwenye kazi kwanza, kabla wenzake hawajafungua midomo. Lugha iwe yoyote: Kiganda, Kiswahili, Kilingala, mchanganyiko wake. Anayetafuta msamiati wa Kiingereza kueleza kiungo alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe huanza kusema uongo wa vitabuni.

Kunakili kutoka kwenye simu hakuzuiliki, kwa hiyo kuelekeze. Mwenye picha aeleze kitu kimoja kwenye kazi hiyo: kimeshikwa na nini? Achukue huo ufungaji, aache umbo.

Shule itataka alama. Toa nyingi zaidi kwa daftari kuliko kwa sanamu iliyomalizika: picha au mchoro wa kila kiungo kilichovunjika, na sentensi moja ya alichobadilisha. Mwanafunzi aliyefanyiwa kazi na kaka yake fundi atakuwa na sanamu safi na daftari tupu, na utamjua bila kumshtaki mtu.

Kazi zikiuzwa, kibao kitaje kila kitu kilichotumika na kilikotoka: "mfenesi wa Mukono, mnyororo, lubugo yenye viraka, katani, simenti." Bei ihesabu vifaa, nauli, muda na sehemu ya mwanafunzi, na iandikwe kabla mgeni hajafika, kwa sababu bei inayotajwa mnunuzi akiwa mbele yako hushuka yenyewe. Kazi zenye uji wa muhogo usiziache stoo wakati wa likizo. Panya huanza na gazeti, wakimaliza wanahamia kwenye lubugo. Kila mtoto aondoke na yake, imefungwa gunia, daftari ndani.